Hifadhidata Si Stoo

Kuna fundisho limeenea katika vyuo, kozi za mtandaoni na ofisi za programu kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, na kijana hulipokea tangu wiki yake ya kwanza kazini. Linasema hivi: ukishachagua fremuweki nzuri, iwe Django, Laravel au Rails, usijisumbue na hifadhidata. Jaza kwenye faili ya mipangilio jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, nywila, anwani ya seva na namba ya mlango. Fremuweki itajiunganisha yenyewe, itakutengenezea majedwali, itakuandikia SQL. Wewe shughulika na Python yako au PHP yako. Hifadhidata ni stoo ya kuwekea vitu, na ukiichoka MySQL kesho utahamia PostgreSQL kwa kubadilisha mstari mmoja.

Fundisho hili nalipinga, na nalipinga lote. Hifadhidata ya kimahusiano si stoo. Katika mfumo mzima wa wavuti, kutoka simu ya mteja hadi diski ya seva, ndiyo sehemu pekee inayoona maandishi ya watu wote kwa pamoja, na kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee inayoweza kuthibitisha kwamba tiketi moja haikuuzwa mara mbili, na kwamba pesa iliyotoka huku imeingia kule. Anayeiunganisha na fremuweki huku akiinyang'anya kazi hiyo amepitisha mawasiliano tu kati ya programu mbili. Kazi yenyewe bado hajaianza.

Tuangalie kwanza kilichokusudiwa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM akieleza namna ya kupanga data katika mahusiano, yaani majedwali, bila programu kulazimika kujua data hiyo imelazwa vipi ndani ya mashine. Codd hakuwa akifikiria programu moja yenye daftari lake binafsi. Alifikiria hazina moja ya data inayosomwa na kuandikwa na programu nyingi na watu wengi, ambayo usahihi wake haumtegemei yeyote kati yao. Mwaka 1974 watafiti wengine wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaleta lugha ya SEQUEL, ambayo leo tunaiita SQL. Tangu hapo zimekuja na kupita lugha nyingi za kuandikia programu, na fremuweki nyingi zaidi ya lugha, lakini SQL bado ipo.

Fundisho la stoo lina umri mdogo zaidi, na wazazi wake wanajulikana. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu usanifu wa programu za mashirika, aliupa jina la Active Record mtindo wa kuufanya kila mstari wa jedwali kuwa kitu kimoja ndani ya programu. Miaka 2 baadaye David Heinemeier Hansson akatoa Ruby on Rails, akaijenga juu ya mtindo huo. Mwaka 2005 akaandika waziwazi kwamba akili yote ya mfumo ikae katika tabaka moja, ndani ya programu, na kwamba masharti yanayowekwa kwenye hifadhidata huuvuruga mpangilio huo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuhusu mifumo yake. Kilichoharibika ni kwamba maoni ya mtu mmoja kuhusu programu zake mwenyewe yaligeuka kuwa kanuni ya kizazi kizima.

Ni haki pia kusema kwamba hifadhidata iliyotumika sana wakati ule iliwapa watu sababu ya kuidharau. MySQL, hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010, ilikuwa ikitengeneza majedwali ya MyISAM kama hukuiambia vinginevyo, na MyISAM haikujua miamala wala haikulinda ufunguo wa kigeni. Ukiiandikia amri ya ufunguo wa kigeni iliipokea kimya kimya na isifanye chochote. Sharti la CHECK nalo lilisomwa na kupuuzwa hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Mtu aliyejifunza kazi katika mazingira hayo ana kila sababu ya kuamini kwamba ulinzi wa data ni jukumu la programu. Lakini mazingira hayo yamekwisha, na kanuni iliyotungwa humo haijaondoka.

Sababu nyingine haitajwi mara nyingi. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Tovuti ya gazeti ina wahariri wachache wanaoandika na maelfu wanaosoma. Wahariri 2 hawagombanii habari moja katika sekunde ileile, na ikitokea, hakuna anayepoteza fedha. Mazoea yaliyofaa kazi ya namna hiyo tumeyachukua kama yalivyo na kuyatumia kuuzia tiketi za basi, kutunzia akiba za vikundi na kuandikishia wagonjwa. Hapo ndipo madhara yanapoanza.

Chukua basi la Dar es Salaam kwenda Arusha katikati ya Desemba, wakati watu wa Kilimanjaro wanapopanda kwenda nyumbani kwa sikukuu. Mfumo wa tiketi umeandikwa kama unavyofundishwa. Abiria akichagua kiti namba 14, programu inaiuliza hifadhidata kama kiti hicho cha safari hiyo kimeshachukuliwa. Jibu likiwa hapana, inaandika tiketi. Ukiusoma msimbo wake huoni kosa. Kwenye kompyuta ya aliyeuandika kosa halipo kweli, kwa sababu anayekata tiketi ni yeye peke yake. Desemba seva ina wafanyakazi wengi wanaopokea maombi sambamba. Wa kwanza anauliza, anaambiwa kiti ni wazi. Kabla hajaandika, wa pili anauliza, naye anaambiwa kiti ni wazi. Wote 2 wanaandika. Abiria 2 wanafika stendi alfajiri na tiketi halali za kiti kimoja, na kondakta hana namna ya kujua nani ana haki.

Mtetezi wa fundisho la stoo ana jibu la haraka: funga hatua hizo ndani ya muamala, Django ina amri yake, Laravel ina yake. Jibu hili ndilo linalonionyesha kwamba hifadhidata haikufundishwa. PostgreSQL, usipoibadilisha, huendesha miamala katika kiwango ambacho kila swali linaona yale tu yaliyokwisha kuthibitishwa na wengine kabla swali hilo halijaanza. Muamala wa kwanza haujathibitishwa, kwa hiyo wa pili hauioni tiketi yake. Kila mmoja umo ndani ya muamala wake, na kiti kinauzwa mara mbili vilevile. Muamala unahakikisha kwamba hatua zako zote zinafanyika au hazifanyiki kabisa. Katika kiwango hicho hauhakikishi kwamba dunia haikubadilika kati ya swali lako na andiko lako.

Dawa ni fupi. Jedwali la tiketi liwekewe sharti la upekee juu ya safu 2 kwa pamoja, ya safari na ya kiti. Kuanzia hapo, mfanyakazi wa pili akijaribu kuandika, hifadhidata itamsubirisha hadi wa kwanza amalize, kisha itamkatalia. Programu italipokea kosa hilo na kumwambia abiria achague kiti kingine. Kama biashara inaruhusu tiketi kufutwa na kiti kuuzwa tena, PostgreSQL inakubali sharti hilo lizihusu tu tiketi ambazo hazijafutwa. Yote haya ni mstari mmoja wa SQL. Hakuna idadi ya mistari ya Python inayoweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu kila mfanyakazi wa Python anaona ombi lake tu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 Peter Bailis na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza miradi 67 ya wazi iliyoandikwa kwa Rails. Walikuta kwamba ukaguzi wa ndani ya programu ulitumika zaidi ya mara 37 kuliko miamala ya hifadhidata. Kisha wakaujaribu ukaguzi wa upekee wa Rails chini ya maombi mengi ya pamoja, na data rudufu zikapita. Rails yenyewe haifichi udhaifu huu: mwongozo wake rasmi unaeleza kwamba ukaguzi wa upekee hauweki sharti lolote kwenye hifadhidata, na unamtaka mtumiaji aongeze faharasa ya upekee mwenyewe. Waliotengeneza chombo wameandika onyo, na wanaokifundisha wanaliruka.

Kwenye fedha madhara ni makubwa zaidi. Kikundi cha akiba kina shilingi 50,000 kwenye salio la mwanachama. Programu inasoma salio, inatoa 30,000 kwenye kumbukumbu yake, inaandika 20,000. Maombi 2 yakifika pamoja, yote 2 yanasoma 50,000, yote 2 yanaandika 20,000. Shilingi 60,000 zimetoka, na kitabu kinaonyesha 30,000 tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, limepangwa vizuri, lina rangi na grafu, na mali inaisha bila habari vilevile. Mwezi Machi 2014 Flexcoin, kampuni iliyokuwa ikitunza bitcoin za watu, ilifunga milango baada ya kuibiwa bitcoin 896. Maelezo yake yenyewe yalikuwa kwamba mwizi alituma maelfu ya maombi ya kuhamisha fedha kwa wakati mmoja, yakapita kabla salio halijabadilishwa. Miaka 3 baadaye Todd Warszawski na Bailis walizichunguza programu 12 maarufu za maduka ya mtandaoni wakitafuta mianya ya aina hiyo. Walipata 22: vocha zinazotumika zaidi ya mara moja, bidhaa zinazouzwa wakati ghala limekwisha. Zilikuwa programu zilizosambazwa na kutumiwa na maduka halisi.

Dawa yake nayo ipo ndani ya hifadhidata. Usisome salio ili ulirudishe. Iambie hifadhidata ipunguze 30,000 kutoka kwenye salio lililopo wakati huo, kwa amri moja, na uweke sharti kwamba salio haliwezi kushuka chini ya sifuri. Django inakuruhusu kuandika amri hiyo kwa Python, na inakuruhusu kuufunga mstari kwa kufuli hadi muamala uishe. Uwezo huo umekuwemo kwenye fremuweki kwa miaka mingi. Asiyeijua hifadhidata hana sababu ya kuutafuta, kwa kuwa hajui tatizo lipo.

Na kwa sisi tunaopokea malipo kwa simu kuna jambo moja la ziada. Kampuni ya malipo inapoituma taarifa kwenye seva yako kwamba mteja amelipa, taarifa hiyohiyo yaweza kuja tena, kwa sababu mtandao ulikatika kabla jibu lako halijafika. Ukiiandika mara 2, mteja amelipa mara moja na amepewa huduma mara 2. Kila malipo ya M-Pesa huja na namba yake ya muamala. Safu ya namba hiyo ikiwa na sharti la upekee, taarifa ya pili inagonga ukuta. Ikiwa haina, unategemea bahati ya mtandao, na anayejua mtandao wetu wakati wa mvua hawezi kuiita bahati hiyo mpango.

Hoja yangu nyingine ni ya muda, nayo naiona nzito kuliko zote. Mwaka 2004 watu wa Regenstrief Institute ya Indiana, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret katika huduma za wagonjwa wa UKIMWI, walianza kuandika mfumo wa OpenMRS. Mwaka 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret. Umeandikwa kwa Java, unatumia Hibernate kuwasiliana na hifadhidata, na hifadhidata yenyewe ni MySQL. Tangu wakati ule sura ya mfumo inayoonekana na daktari imeandikwa upya zaidi ya mara moja, kwa teknolojia tofauti kabisa. Majedwali ya msingi, la watu, la wagonjwa, la mahudhurio na lile la vipimo na maelezo ambalo kila jambo lililoonwa kwa mgonjwa lina mstari wake, yameendelea kuwepo. Na wanaoyagusa si Hibernate peke yake. Mtu wa takwimu huyauliza moja kwa moja kwa SQL ili atoe ripoti. Programu nyingine huchota humo data za kupeleka mbele. Fundi anayehamisha rekodi za kliniki ya zamani huandika humo bila kupitia skrini yoyote.

Sasa uniambie: ukaguzi uliouandika kwenye modeli yako ya Python utamzuia vipi fundi huyo? Hautamzuia. Hata haujui kwamba ameingia. Sharti lililo kwenye jedwali linamzuia yeye, linakuzuia wewe, na litamzuia kijana atakayeajiriwa baada ya miaka 10 kuandika upya programu yote kwa fremuweki ambayo leo haijazaliwa. Mgonjwa aliyeandikishwa leo akiwa mtoto atakuwa bado na rekodi yake wakati toleo la Django unalolipenda limesahaulika. Anayeweka ukweli wa rekodi hiyo kwenye kitu chenye maisha mafupi amekosa adabu kwa mgonjwa.

Watanijibu kwamba kampuni kubwa duniani zimeacha funguo za kigeni, na watanitajia GitHub. Ni kweli. Mwaka 2016, GitHub ilipotoa chombo chake cha gh-ost cha kubadilisha majedwali makubwa ya MySQL, wahandisi wake walisema wazi kwamba hawatumii funguo za kigeni popote. Walikuwa na sababu: majedwali makubwa mno yanayopaswa kubadilishwa huku yakifanya kazi, na data inayogawanywa kwenye seva nyingi. Kampuni yako ina majedwali ya ukubwa huo? Ina timu ya wataalamu wa hifadhidata wanaokesha kutafuta mistari iliyobaki yatima? Hospitali ya wilaya yenye seva moja ikijinyima ulinzi kwa sababu GitHub imejinyima, imeiga ugonjwa wa tajiri bila kuwa na daktari wake. Na kama ni mifano ya wakubwa tunayoitaka, nami ninao wangu. Mwaka 2011 wahandisi wa Stack Overflow waliona kwamba tabaka lililokuwa likiwaandikia SQL linawachelewesha. Wakatengeneza Dapper, chombo chembamba kinachokuachia wewe uandike SQL kwa mkono wako na chenyewe kinabeba majibu tu. Tovuti ile iliendeshwa kwa miaka mingi kwa seva chache sana za SQL Server, na waliweza kwa sababu walijua kila swali linafanya nini.

Hoja ya kuhama hifadhidata kwa kubadilisha mstari mmoja haina haja ya jibu refu. Wanaohama ni wachache, na hakuna anayehama kwa mstari mmoja. Ili kulinda uhuru huo usiotumika, unajikataza kila kitu kizuri ambacho PostgreSQL inacho na SQLite haina. Django ikianzisha mradi mpya hukupa SQLite, na wengi huendelea nayo kwenye kompyuta zao huku seva ya wateja ikiwa na PostgreSQL. SQLite ni kazi bora ya D. Richard Hipp na ina mahali pake, lakini kwa kawaida yake hukubali maneno kwenye safu ya namba na haijali urefu uliouweka kwa safu ya maandishi. Majaribio yanapita ofisini, yanakataliwa kwa mteja. Tumia hifadhidata ileile kuanzia siku ya kwanza.

Kuhusu uunganishaji wenyewe, ile mistari 5 ya faili ya mipangilio, kuna mambo 2 yanayopitwa haraka mno. La kwanza ni idadi. PostgreSQL kwa kawaida huruhusu miunganisho 100, MySQL 151. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wa mashine, unaokula kumbukumbu. Ukiwa na seva 4 za programu, kila moja ikiwa na wafanyakazi 30, unahitaji 120, na wateja wataanza kukataliwa siku ya wingi, siku ambayo hukutaka wakataliwe. Django usipoielekeza hufungua muunganisho kwa kila ombi na kuufunga ombi likiisha. Kwa hiyo ujue mpangilio wa umri wa muunganisho, ujue PgBouncer inayowagawia wafanyakazi wengi miunganisho michache, na ujue kwamba Django yenyewe, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2024, inaweza kuweka akiba ya miunganisho ya PostgreSQL. Hayo ni maamuzi ya msanifu. Fundisho la stoo linayaita mipangilio.

La pili ni jina la mtumiaji. Miradi mingi hujiunganisha kwa akaunti kuu, ile yenye mamlaka ya kufuta kila jedwali, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo baada ya kusakinisha. Programu inayosoma na kuandika tiketi haina haja ya mamlaka ya kulibomoa jedwali la tiketi. Tengeneza akaunti 2: moja ya kubadilisha muundo wa majedwali, inayotumika wakati wa kupandisha toleo jipya tu, na nyingine ya kazi ya kila siku yenye ruhusa za kusoma, kuongeza na kurekebisha. Siku mtu akipata upenyo kwenye programu yako, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama umepoteza mistari michache au kampuni.

Sisemi tuzitupe zana za fremuweki. Tabaka la ORM, linalogeuza mistari ya majedwali kuwa vitu vya programu, limetuokoa na balaa la watu kupenyeza SQL yao kupitia fomu, kwa kuwa hupeleka thamani kando ya swali badala ya kuziunganisha ndani yake. Limetupunguzia kuandika mambo yaleyale. Nalitumia na nitaendelea kulitumia. Lakini litumiwe na mtu anayeweza kusoma SQL linayoiandika. Ukurasa unaoorodhesha tiketi 50 na jina la safari ya kila moja, ukiandikwa bila uangalifu, hupeleka maswali 51: moja la tiketi na 50 ya safari. Django ina amri ya kuyageuza yawe swali 1. Asiyewahi kuangalia maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata yake ataona ukurasa mzito, atanunua seva kubwa zaidi, na mwakani atanunua nyingine.

Zana zenyewe zimeanza kurudi upande huu. Django ilipokea masharti ya CHECK na masharti mapana ya upekee kwenye modeli zake mwaka 2019, katika toleo la 2.2. Mwaka 2023, toleo la 5.0, ikaruhusu thamani ya mwanzo ya safu iwekwe na hifadhidata yenyewe. Kabla ya hapo iliwekwa na Python, na mtu aliyeandika kwa SQL moja kwa moja hakuipata. Watengenezaji wa Django hawakuongeza vitu hivi kwa kujifurahisha. Waliongeza kwa sababu watumiaji walivihitaji.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vyetu na waendeshaji wa kozi: msimfikishe mwanafunzi kwenye fremuweki kabla hajatengeneza majedwali kwa mkono, hajaweka ufunguo wa kigeni na kuona unavyokataa, hajafungua madirisha 2 ya PostgreSQL pembeni kwa pembeni na kuona muamala mmoja ukiusubiri mwingine. Zoezi hilo la madirisha 2 linachukua saa moja, na linafundisha kitu ambacho mwaka mzima wa kuandika modeli haufundishi. Nanyi mnaoongoza timu, mnapokagua kazi ya kijana, msiishie kwenye Python. Ombeni mwone muundo wa jedwali kama ulivyo ndani ya hifadhidata, na ulizeni ni jambo gani la uongo ambalo jedwali hilo bado linaweza kulikubali.

Na wewe unayeanza mradi leo, kabla hujajaza ile faili ya mipangilio, chukua karatasi uandike mambo ambayo hayapaswi kutokea kamwe katika mfumo wako: salio chini ya sifuri, mgonjwa asiye na tarehe ya kuandikishwa, malipo yaliyoandikwa mara 2. Kila moja lipatie sharti lake ndani ya hifadhidata. Ukimaliza, iunganishe fremuweki.